Tumechanga hela ya kuwanunulia mbuzi familia za mpakani, tunakosea wapi?

MwanaZizi:

Wakuu habari za leo. Niende moja kwa moja maana Jumapili tuna kikao cha kikundi na nikienda mikono mitupu nitaonekana mtu wa maneno.

Sisi ni kama watu arobaini tuliotoka vijiji vya mpakani, wengi tuko mjini, wengine nje ya nchi. Huko nyumbani mapigano yanakuja na kuondoka, miezi mitatu kimya halafu usiku mmoja watu wanaamka wanakimbia na walichoweza kushika. Wale siyo wafugaji wakubwa, ni mtu ana ng'ombe wawili watatu, mbuzi nane, kuku wanaozagaa uani, basi, lakini hivyo hivyo ndivyo vinavyolipa ada na watoto wanapata maziwa. Sasa kuna waliobaki na mbuzi wawili na kuna wenye zizi tupu kabisa. Hela tuliyochanga ikipigwa hesabu inatosha mbuzi majike kama 60, na wazo la wengi ni tugawe kwa familia 30, wawili wawili, tupige picha, tumalize. Mimi ndiye nimepewa kusimamia. Kuna kitu hakijakaa sawa moyoni ila nikitaka kukisema sikipati.

Nilimpigia mjomba aliyebaki kule nikampa hiyo habari nikidhani atafurahi, akanyamaza kidogo, akasema "sawa, mkileta tutapokea". Hiyo "tutapokea" inanikaba mpaka leo. Aliyewahi kufanya kitu kama hiki naomba aniambie, na msinionee huruma.

---

Sindano_na_Kamba:

Mjomba kakujibu tayari, ila kwa adabu.

Mimi ni mhudumu wa mifugo wa kijiji, siyo daktari, nilifundishwa wiki kadhaa nikapewa begi na sindano, na hii kazi nimeifanya miaka mingi sehemu ambazo daktari mwenye shahada hafiki kwa sababu barabara ina vizuizi na mshahara hauna uhakika. Kuna shirika moja, silitaji, lilituletea mbuzi wa maziwa wa kigeni, wazuri kweli, masikio marefu, wameshuka kwenye lori wamechoka wanatetemeka. Wiki ya pili wakaanza kukohoa. Unamkuta mbuzi kasimama miguu ya mbele kaitanua, shingo kainyoosha, anavuta hewa kwa shida na pua zinatoka makamasi. Homa ya mapafu. Wale wageni walikufa karibu wote, hiyo siyo habari. Habari ni kwamba waliwaambukiza mbuzi wa kijiji, wale wachache waliokuwa wamenusurika na vita, na mwezi ulipoisha kuna familia zilizopewa mbuzi wawili zikajikuta zimepoteza wanne. Na hakuna wa kumlaumu maana lori lilishaondoka na ripoti ilishaandikwa kwamba mbuzi wamegawiwa.

Kwa hiyo swali la kwanza siyo mbuzi wangapi mnunue. Ni mbuzi wangapi walio hai sasa hivi na watakufa kwa kitu gani kabla ya mvua. Vita vikiingia kinachokufa kwanza ni huduma, chanjo hazifiki, josho la kuogeshea mifugo linakauka, duka la dawa linafungwa, na mifugo iliyokuwa mbalimbali inasukumwa kwenye bonde moja lenye usalama inachanganyika huko. Ugonjwa ukiingia pale ni kama moto kwenye nyasi kavu.

Chanjo ya sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua mbuzi na kondoo, ndiyo ningeanza nayo. Sindano moja inamkinga mbuzi miaka 3 au zaidi, yaani kwa mbuzi wengi wa kijijini ni karibu maisha yao yote, na dunia imejiwekea lengo la kuufuta huo ugonjwa kufikia 2030, kwa hiyo chanjo kwa kawaida inapatikana kupitia idara ya mifugo, shida ni kuifikisha. Inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ukishaichanganya na maji yake haingoji kesho, saa moja mbili uwe umemaliza chupa. Nimewahi kufunguliwa boksi la chanjo nikaingiza mkono nikakuta maji ya uvuguvugu, barafu imeyeyuka kwenye kizuizi walikosimamishwa tangu asubuhi. Watu wameshakusanya mbuzi, wamekaa juani wananiangalia. Nikawaambia rudini nyumbani. Ilikuwa siku mbaya lakini ningewachoma maji tu halafu wasingeniamini tena.

Chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo msijaribu wenyewe. Virusi vyake viko aina 7 na chanjo ya aina moja haimkingi mnyama na nyingine, mnaweza kumaliza hela yote mkachanja aina ambayo haipo kule. Kuku ndiyo rahisi, ile chanjo ya mdondo, ugonjwa unaomaliza kuku, inayovumilia joto ni tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi 3 au 4, mtoto wa miaka kumi anaweza kumshika kuku na mama akadondosha.

Na minyoo usinyweshe zizi zima kila mwezi kama wanavyofanya wengi, dawa inazoeleka. Vuta kope la chini la mbuzi uangalie ndani. Likiwa jekundu mwache. Likiwa limepauka kama karatasi huyo ana minyoo inayonyonya damu, mpe dawa leo leo.

---

kidole_juu:

Mimi nimesimama kwenye "tupige picha tumalize" 😂😂 mbuzi watatangulia kufika kwenye simu kabla hawajafika zizini

---

Nilihama_mara_mbili:

Kidole juu unacheka lakini hiyo picha ndiyo ilitaka kutumaliza sisi.

Mkuu MwanaZizi, jina langu linajieleza. Sehemu yenye bunduki mnyama siyo mali tu, ni sababu ya kuvamiwa. Pesa unaificha kwenye soksi, mbuzi utamficha wapi, analia usiku. Mkigawa mbuzi 60 siku moja uwanjani, majina yakaitwa kwa kipaza sauti, jioni upande wa pili wa mpaka wanajua nani ana nini na zizi lake liko wapi. Sisi waligawa mchana, wakaja baada ya siku tisa. Walijua mpaka idadi. Jirani yangu alipigwa kwa sababu walimkuta na mmoja na orodha ilisema wawili, mmoja alikuwa kafa kwa ugonjwa, nani amsikilize.

Kwa hiyo kama kuna siku mtagawa chochote, iwe kidogo kidogo, siku tofauti, bila gwaride, na hizo picha mkipiga zisiwe na sura za watu wala mlima unaojulikana nyuma yake. Wafadhili wenu wakitaka ushahidi wapigieni simu wale wazee wawaulize.

Kingine, mnawasaidia wa kijiji chenu tu? Mpakani jamii zimeingiliana, upande huu wakipewa na upande ule wanaangalia, na wao vile vile walichomewa mazizi, mnatengeneza ugomvi mwingine kwa hela yenu wenyewe. Sisemi mgawe hela kwa kila mtu. Ila kisima, josho, au siku ya chanjo vinaweza kufunguliwa kwa wote, tena ugonjwa haujui mpaka, mkichanja upande mmoja mnajidanganya.

Halafu fikirieni mnyama anayekimbia. Nilipohama mara ya kwanza nilikuwa na ng'ombe mwenye ndama wa siku nne. Ndama hatembei, mama haendi bila ndama. Tulimbeba ndama kwa zamu, mimi na kaka, mguu kwa mguu mpaka alfajiri, na watoto wetu wanalia nyuma kwa kuwa hatuna mkono wa kuwashika. Mara ya pili nilikuwa na mbuzi sita na kuku kwenye kikapu. Tulifika wote. Sikununua ng'ombe tena mpaka leo.

---

Mama Ndama:

Habari zenu. Mwanangu MwanaZizi, umempigia mjomba. Umempigia shangazi?

Nauliza kwa sababu kule kwingi mwanaume ndiye anajulikana mwenye ng'ombe, lakini anayekamua, anayejua yule mweusi chuchu moja imeziba, anayeamka usiku mbuzi akizaa, ni mama. Na vita vikija wanaume wengine wanauawa, wengine wanakimbia na mifugo mbali, mama anabaki na watoto na zizi ambalo kwa jina siyo lake. Mkiandika orodha kwa kuita "kaya ya fulani" mtakuta wajane wamerukwa, au mbuzi wameandikwa kwa shemeji.

Na hapo kwenye kuhamisha mifugo kuna jambo watu hawalioni. Hali ikiwa mbaya wanaume wanasogeza mifugo yote kwenda salama, ni akili nzuri, lakini maziwa yote yameondoka nayo. Mtoto wa miaka miwili amebaki hana. Mimi ningependa kila nyumba yenye mtoto mdogo ibakize mbuzi mmoja au wawili wanaokamuliwa, na hao walishwe pale pale nyumbani, wasiende machungani. Hesabu yake ni nyepesi. Mbuzi wa kilo 30 anakula kama kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, akiwa ananyonyesha muongeze kidogo, na maji lita 4 hadi 5. Wawili kwa miezi mitatu ni kilo 180, sema 200 na ushee. Hayo ni marobota machache ya hei, yaani majani makavu, na gunia la pumba. Ng'ombe wa kilo 250 anataka kilo 6 na zaidi kila siku na maji lita 25 mpaka 50 kutegemea joto na kama anakamuliwa, huyo mmoja kwa miezi mitatu ni zaidi ya nusu tani. Msijaribu kulisha zizi lote hamtaweza, hela itaisha wiki ya tatu na wote watakonda pamoja. Chagueni majike wa kuzaa na wanaokamuliwa, wengine wauzwe wakiwa bado na nyama.

Hilo la kuuza mapema ni gumu kumwambia mtu, najua. Mnada umefungwa, mchuuzi anakuja na bei ya kukunyonga kwa sababu anajua huna pa kwenda. Hapo ndipo kikundi chenye hela kina nguvu: nunueni nyinyi madume na wazee waliochoka kwa bei ya haki, wachinjwe pale pale, nyama wapewe wasio na kitu. Mwenye mnyama kapata hela, asiye na mnyama kapata kitoweo, na majani yaliyopo yamebaki kwa wachache. Mhudumu awepo akague nyama lakini. Na mnyama aliyekufa ghafla damu ikamtoka puani au nyuma, haigandi, huyo hata kisu msimguse, kimeta hicho, achimbiwe shimo refu azikwe mzima.

---

BaharifuLaNchiKavu:

Naona wote mmeamua mbuzi wasinunuliwe, mimi napinga. Kuna familia zizi tupu. Chanjo mtamchanja nani, hewa? Marobota ya hei anayapeleka wapi mtu asiye na mnyama? Mnaongea kama wenye mifugo. Asiye na hata mmoja miaka inapita, watoto wanakua wamesahau kukamua, na ufugaji ukishatoka kwenye nyumba kuurudisha siyo kama kununua simu.

---

Sindano_na_Kamba:

@BaharifuLaNchiKavu uko sahihi na nimefurahi umesema. Hakuna aliyesema wasinunuliwe kabisa. Ni lini, na nani achague.

Kuna miongozo ya kimataifa ya kusaidia mifugo kwenye majanga, inaitwa LEGS, toleo la kwanza 2009 na la tatu 2023, inapatikana bure mtandaoni. Kugawa mifugo wameiweka kama kazi ya kujenga upya baada ya dhoruba, siyo ya katikati ya dhoruba, na ndiyo ngumu na ghali kuliko zote. Kwa hiyo mwenye zizi tupu leo na bado analala na viatu, mpeni hela mkononi. Ataamua mwenyewe: alipe deni, anunue kuku, ampelekee ndugu upande salama amnunulie mbuzi amtunzie huko. Yeye anajua njia ambazo nyinyi wa mjini hamzijui.

Kule kulikotulia, pale watu wamerudi wamelima hata msimu mmoja, hapo sawa, lakini msiwanunulie. Wapeni vocha au hela waende mnadani wa jirani wachague wenyewe. Mfugaji anafungua mdomo wa mbuzi anaangalia meno, anashika kiwele, anamtembeza, dakika mbili kashajua. Mkinunua nyinyi wa kikundi mtapewa wazee waliong'oka meno, kila mchuuzi anaposikia "mradi" anatabasamu. Na wawe mbuzi wa ukanda ule ule, wakae peke yao wiki 3 kabla ya kuchanganywa, wachanjwe huko huko. Hizo wiki tatu watu huziona za kupoteza muda, mimi hizo wiki ndizo zingeokoa mbuzi wetu niliowasimulia.

Wawili wawili pia hapana. Mbuzi anabeba mimba miezi 5, akitunzwa vizuri anazaa mara 3 kwa miaka 2, lakini wawili mmoja akifa mwingine anachinjwa siku ya shida, umerudi sifuri. Afadhali nyumba 10 zipate sita sita, halafu uzao wa kwanza wa kike uende kwa nyumba inayofuata waliyokubaliana wenyewe tangu mwanzo.

---

Mtegua_Taratibu:

Naongeza moja tu halafu napita, nafanya kazi ya kutegua mabomu.

Mkitaka kununua majani ya kukata ulizeni yamekatwa wapi. Vita vikipita utaona eneo lina nyasi ndefu nzuri kuliko kote, hakuna mnyama wala mtu, na mgeni anasema lo, malisho haya yanaoza. Nyasi ndefu pembeni ya njia iliyokanyagwa mpaka udongo ina maana wenyeji wanajua kitu. Wachungaji ni watoto, na mbuzi akiingia kule mtoto anamfuata. Kabla ya kutoa hela ya malisho au kuchimba kisima kaeni na watu wa kutegua mabomu wawaonyeshe ramani, na wachungaji ndio wawe wa kwanza kufundishwa, wale wadogo siyo wazee tu. Nimeshasikia mtu anasema tupitishe ng'ombe kwanza kusafisha. Ng'ombe kupita salama hakusemi chochote, kuna mabomu ya magari yanayongoja uzito mkubwa, na kuna makombora ambayo hayakulipuka yamelala tu mpaka mtu ayachokoze.

Pia yale mambo ya kuloweka mabua kwa mbolea ya urea ili yawe chakula kizuri, ni mbinu nzuri sana kwingine, ila magunia ya mbolea kwenye vizuizi vya mpakani yana maswali, baadhi ya hizo mbolea zinatengenezewa milipuko. Dereva wenu asikamatwe kwa ajili ya mabua.

---

MwanaZizi:

Wakuu nimerudi. Kikao tulikiahirisha wiki moja, nikafanya kama mama alivyoshauri, nikampigia shangazi, na shangazi akaniunganisha na wanawake wengine watatu. Simu ya kwanza ilikatika mara tano.

Hakuna hata mmoja aliyetaja mbuzi kwanza. Mmoja kasema kijana aliyekuwa anachanja kuku alihama mwaka jana na hajapatikana wa kuziba pengo, kuku wote waliisha kwa mdondo mwezi uliofuata, siyo kwa vita. Mwingine anataka mlango wa zizi wa bati na kufuli. Wa tatu aliniuliza kama kikundi chetu tunaweza kuongea na watu wa mifugo wa upande wa pili, kwa sababu mbuzi wake waliokimbizwa ng'ambo wanakataliwa kurudi, hawana karatasi ya chanjo na wanazidi kuliwa na waliowahifadhi. Hilo hata kwenye ajenda halikuwepo.

Shangazi mwenyewe kasema kijijini wamebaki mbuzi kama 70 kwa jumla na karibu wote ni majike. Nimepanga kupendekeza hivi: sehemu kubwa iende kwa chanjo na kumfundisha mtu wa kuziba nafasi ya yule kijana, tena wawili, na mmoja awe mwanamke, malisho ya wanaokamuliwa kwenye nyumba zenye watoto wadogo, hela kidogo mkononi kwa zizi tupu, na iliyobaki tuitunze mpaka tuone msimu. Picha nimezipiga marufuku, kuna mmoja kanuna kwenye grupu. Nimesahau nini?

---

Mama Ndama:

Umefanya vizuri mwanangu. Ila hiyo "karibu wote ni majike" umeipita haraka. Mpigie tena shangazi muulize mabeberu wamebaki wangapi.

---

MwanaZizi:

Nimempigia. Hakuna. Wawili walichukuliwa na waliopita, mmoja aliliwa, na wa mwisho anasema alihasiwa kitambo. Majike hawajapandwa tangu masika.

---

Sindano_na_Kamba:

Basi hapo ndipo mnunue mnyama. Beberu mmoja mzima anatosha majike 25 hadi 30, kwa hiyo watatu, wa ukanda ule ule, wasiwe wa zizi moja wala ndugu. Wawe mali ya kijiji kizima, walale nyumba tofauti. Wiki tatu peke yao kwanza. Ukiwapata kabla ya mwisho wa mwezi, hesabu miezi mitano mbele uangalie kama watoto watazaliwa majani yakiwepo, kama hayatakuwepo subiri kidogo ndiyo uwaachie.